Jenerali Aliyeandikwa Orodhani: Tarikhi ya Bosco Ntaganda

Tarehe 1 Novemba 2005, mjini New York, kamati ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa iliyokabidhiwa kazi ya kusimamia vikwazo vya Kongo ilitoa orodha ya watu waliokatazwa kusafiri, na ambao mali zao zilipasa kuzuiliwa popote zitakapopatikana; na miongoni mwa majina hayo lilikuwamo la mwanajeshi mmoja, lililoandikwa “Bosco Taganda”, likifuatwa na lakabu zake: Terminator, na Tango Romeo, ambayo ilikuwa alama yake ya redioni, na Lydia, jina alilolitumia zamani alipokuwa katika jeshi la Rwanda. Yeyote aliyezijua habari za mtu huyo kwa karibu angalicheka kidogo, maana aliyekatazwa kupanda ndege alikuwa amezoea kuvuka mipaka kwa njia za vichochoroni, na aliyefungiwa benki alikuwa na hazina ya ng'ombe, dhahabu na kizuizi cha barabarani. Tangu siku hiyo hata akajisalimisha mwenyewe ilipita miaka zaidi ya saba, na katika miaka hiyo alipanda cheo, akatajirika, akamwondoa mkubwa wake, akaanzisha maasi mapya. Sababu yake, kwa mtazamo wangu, ni kwamba kila alipodhaniwa amekwisha alitokea mwenye dola aliyekuwa na haja naye.

Kinigi na Masisi, 1973–1990

Bosco Ntaganda alizaliwa mwaka 1973 katika Kinigi, kaskazini mwa Rwanda, chini ya milima ya moto ya Virunga, kwa wazazi Watutsi, na wakati huo Watutsi wa nchi ile walikuwa wamekwisha kuishi miaka kumi na minne kwa hofu ya kuchinjwa na kufukuzwa. Angali kijana mdogo alivuka mpaka akaenda kukaa Ngungu, katika wilaya ya Masisi, upande wa Kongo ambao siku hizo uliitwa Zaire.

Masisi ni nchi ya vilima vya majani mabichi na baridi, yenye malisho mazuri kuliko aghlabu ya nchi za Afrika ya kati, na uzuri huo ndio uliokuwa msiba wake. Tangu mwaka 1937 Wabelgiji waliwahamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda, Wahutu kwa Watutsi, wakawatia katika mashamba ya walowezi pale penye ardhi ya Wahunde. Na baada ya machafuko ya 1959 wakaja wengine wengi kwa miguu yao, wakiwa wakimbizi. Rais Mobutu akawapa uraia mwaka 1972, kisha mwaka 1981 ikatungwa sheria iliyowavua wengi wao uraia huohuo, hata ikawa mtu aweza kumiliki kundi la ng'ombe na kilima kizima cha malisho lakini asiwe na haki ya kupiga kura wala hakika ya kuwaachia wanawe kile kilima. Mwaka 1993 chuki hiyo ililipuka, wakauana watu kwa maelfu kati ya Masisi na Walikale. Kijana aliyekulia mahali kama hapo alijifunza mapema kwamba cheti cha serikali ni karatasi, na kwamba ardhi hulindwa na mwenye bunduki. Somo hilo Bosco hakulisahau.

Chuo cha vita, 1990–1998

Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa Rwandan Patriotic Front, yaani RPF, waliokuwa wengi wao wamekulia uhamishoni Uganda na kupata mafunzo katika jeshi la Museveni, waliingia Rwanda kwa silaha. Mwaka huo Bosco, naye ana miaka kumi na saba na hajamaliza shule ya sekondari, akawafuata. Alipigana pamoja nao mpaka Julai 1994, mji wa Kigali ulipokwisha kutwaliwa na mauaji ya halaiki yaliyowaangamiza Watutsi yakakomeshwa. Na hapana budi kusema wazi kwamba katika vita vile alikuwa upande uliowazuia wauaji, jambo ambalo yeye mwenyewe alilitaja mbele ya mahakimu miaka mingi baadaye kuwa ndilo lililomfundisha kazi ya uaskari.

Jeshi lile lilikuwa chuo kikali. Lilimfundisha nidhamu ya mwendo wa usiku, matumizi ya redio na alama za siri, na namna ya kuwageuza vijana wa vijijini wawe askari katika majuma machache. Nalo lilimpa jamaa wa silaha ambao baada ya miaka kumi wangekuwa majenerali na mawaziri. Mwaka 1996 wengi wa jamaa hao waliingia Kongo wakiwa nyuma ya Laurent-Désiré Kabila, mpinzani mzee wa Mobutu aliyepata kuishi miaka mingi Dar es Salaam, na tarehe 17 Mei 1997 wakamtia Kinshasa. Bosco alikuwamo. Mwaka mmoja na miezi michache ukapita, Kabila akawafukuza Wanyarwanda waliomweka kitini, na mnamo Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, navyo vikayaingiza katika Kongo majeshi ya nchi nyingi kuliko vita vyovyote vilivyopata kuonekana katika bara hili tangu uhuru.

Waasi wa mara hii walijiita RCD, na kiongozi wao wa kwanza alikuwa Ernest Wamba dia Wamba, profesa wa tarikhi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, msomi aliyeheshimiwa sana na wanafunzi wake na ambaye hakuwa na askari hata mmoja wa kwake. Chama chake kikapasuka mwaka 1999, upande mmoja ukishikwa na Rwanda na mwingine na Uganda; profesa akaenda na upande wa Uganda, na makao yao hatimaye yakawa Bunia, mji mkuu wa Ituri. Bosco naye akafika huko.

Ituri, 1999–2003

Ili kufahamu yaliyotokea Ituri yafaa kutazama mambo mawili yaliyokuwapo kabla ya askari wa nje kufika. La kwanza ni dhahabu ya Kilo na Moto, iliyochimbwa tangu siku za mwanzo za Wabelgiji. La pili ni ardhi ya Djugu, ambako Wahema, wafugaji waliopendelewa na wakoloni katika shule na kazi za serikali, walirithi mashamba mengi ya walowezi baada ya uhuru, na Walendu, wakulima, wakabaki vibarua katika nchi waliyoihesabu yao. Sheria ya ardhi ya 1973 ilimruhusu mtu kupata hati ya shamba lenye watu ndani yake, na asipopingwa kwa miaka miwili hati hiyo ikawa haina mpinzani. Na ni wakulima wangapi wa Djugu waliojua kwamba wanatakiwa kupinga? Ugomvi wa mashamba machache mwaka 1999 ungaliweza kumalizwa na wazee, walakini ulitokea wakati jeshi la Uganda liko pale, na baadhi ya makamanda wake wakawakodishia matajiri askari wa kulinda mashamba. Jenerali James Kazini wa jeshi hilo akaunda kwa kalamu yake jimbo jipya la Kibali-Ituri na kumweka mama wa Kihema, Adèle Lotsove, kuwa gavana. Kuanzia hapo kila kabila likatafuta bunduki. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mpaka mwaka 2003 watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekwisha kufa.

Katikati ya mwaka 2000 askari wa Kihema waliokuwa katika jeshi la Profesa Wamba waliasi, wakaenda porini chini ya maofisa wachache ambao miongoni mwao walikuwa Floribert Kisembo, Chifu Kahwa na Bosco Ntaganda. Uganda, badala ya kuwaadhibu, iliwachukua mamia yao ikawapeleka kambi ya Kyankwanzi kufundishwa. Mwezi Septemba mwaka huohuo Thomas Lubanga, mtu mwenye elimu ya saikolojia na maneno ya upole, akaasisi chama cha UPC. Na tarehe 9 Agosti 2002 chama hicho, kikisaidiwa na mizinga ya Uganda, kikamfukuza Bunia Gavana Molondo Lompondo na kuushika mji. Jeshi la chama likaitwa FPLC. Lubanga akawa rais, Kisembo mkuu wa majeshi, naye Bosco akawa naibu mkuu anayesimamia operesheni. Bosco si Mhema wa Ituri, wala hakuwa na shamba wala ukoo pale; alikuwa fundi wa vita aliyehitajiwa na wenye vita.

Na fundi huyo alifanya kazi yake. Mwezi Novemba 2002 FPLC iliishambulia Mongbwalu, mji wa dhahabu ulioshikwa na wanamgambo wa Kilendu, na kilichofuata kilithibitishwa baadaye mahakamani kwa ushahidi wa wengi: askari walitumwa kwa amri iliyosemwa katika Kiswahili cha kambini, kupiga na kuchaji, ambayo kila aliyeisikia aliijua kuwa ni ruhusa ya kushambulia na kupora, na wanawake wakiwa miongoni mwa vitu vya kuporwa. Nyumba baada ya nyumba walitafutwa Walendu waliosalia. Katika mji ule alikuwapo padri mzee wa Kilendu, Abbé Boniface Bwanalonga, ambaye hakukimbia. Alikamatwa parokiani, akapelekwa kambini, akahojiwa, kisha akauawa. Na mahakama ilihukumu kwamba aliyemwua ni Bosco kwa mkono wake mwenyewe. Kituo cha afya cha Sayo, kijiji kilicho jirani na Mongbwalu, nacho kilishambuliwa hali majeruhi wangali wamo ndani.

Mwezi Februari 2003 ikaja operesheni iliyopewa jina la Shika na Mukono, katika vijiji vya Lipri, Bambu na Kobu. Wakubwa wa Kilendu waliitwa katika kijiji cha Sangi kwa mkutano wa kufanya amani, wakaja. Wakafungwa, wakapelekwa Kobu, na maiti wasiopungua 49, wanaume, wanawake na watoto, wakaonekana baadaye katika shamba la migomba, wengi wao wakiwa wameuawa kwa marungu na visu. Katika vita vyote vya Ituri sijui kitendo kilichoharibu imani ya watu juu ya neno “amani” kuliko hiki.

Wakati huohuo, tarehe 12 Februari 2003, mpiga picha wa chama alimfuata Lubanga katika kambi ya mafunzo ya Rwampara, nje kidogo ya Bunia, akapiga filamu ambayo bila ya shaka aliidhania kuwa ya kumtukuza rais wake. Ndani yake waonekana makuruta wamejipanga mstari, wengine wamevaa sare na wengine nguo za nyumbani, na miongoni mwao vitoto ambavyo mtu hahitaji daktari wala cheti cha kuzaliwa kujua kuwa havijatimiza miaka kumi na mitano. Bosco yumo, katika maofisa. Filamu hiyo ilikuja kuonyeshwa mara nyingi mbele ya mahakimu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague, katika kesi mbili, nayo ikafanya kazi ambayo mashahidi wengi waliotishwa wasingeliweza kuifanya.

Uganda ikakosana na UPC ilipomwona Lubanga anaielekea Rwanda, na mnamo Machi 2003 ikaifukuza Bunia. Ilipoondoka, Mei, UPC ikarudi, na damu iliyomwagika mjini katika majuma yale ndiyo iliyoileta Operesheni Artemis ya Ulaya, ikiongozwa na Wafaransa. Kwa mara ya kwanza bunduki zikafichwa.

Cheo na kikwazo, 2003–2006

Serikali ya mpito iliyoundwa Kinshasa mwaka 2003 ilikuwa na rais mmoja na makamu wanne, na kanuni yake, isiyoandikwa popote, ilikuwa kwamba kila aliyeua watu wa kutosha apewe kiti. Mnamo Desemba 2004 kanuni hiyo ikawafikia watu wa Ituri: kwa amri ya rais makamanda wa wanamgambo walifanywa majenerali wa jeshi la taifa, na Bosco akiwa mmoja wao, ingawa mwanzoni mwa mwaka huohuo majeshi yake yalikuwa yametuhumiwa kumwua ofisa wa Kenya aliyekuwa katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa, na baadaye kumteka askari wa Moroko.

Wenziwe walikwenda Kinshasa kuvaa nyota zao. Yeye hakwenda. Waliokwenda, baadhi yao walijuta upesi: Februari 2005 askari tisa wa Bangladeshi waliuawa Ituri, dunia ikaghadhibika, na mwezi uliofuata Lubanga na Germain Katanga, kamanda mwingine wa wanamgambo wa Ituri, wakatiwa jela ya Kinshasa, na jela hiyo ikawa ukumbi wa kungojea ndege ya Hague. Lubanga alipelekwa huko Machi 2006, mtu wa kwanza kabisa kufikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Bosco alikuwa ameinusa hatari kabla haijafika, na sifa hii ya kunusa, wala si ushujaa ambao jina la Terminator latutaka tuudhani, ndiyo iliyomweka hai.

Hapo ndipo vikwazo vilipoingia. Baraza la Usalama lilikuwa limekwisha kuzuia silaha zisiingie mashariki ya Kongo kwa azimio 1493 la Julai 2003, likaunda kamati kwa azimio 1533 la Machi 2004, na kwa azimio 1596 la Aprili 2005 likaongeza marufuku ya safari na kuzuia mali kwa kila atakayeivunja amri ya silaha. Kwa wafanya biashara ya ndege na silaha, na kwa wanasiasa wenye nyumba Ulaya, adhabu hiyo ilikuwa na makali. Kwa jemadari wa porini ilitegemea kitu kimoja tu, nacho ni kwamba serikali zilizomzunguka zitake kuitekeleza; na orodha ilipotoka Novemba 2005 serikali ya Kongo ilijikuta ina jenerali ambaye kwa sheria ya dunia ilipasa kumzuilia hata mshahara.

Tarehe 22 Agosti 2006 mahakimu wa Hague wakatoa hati ya kumkamata, lakini kwa siri. Ilifunguliwa hadharani Aprili 2008, na kufikia hapo aliyekuwa akitafutwa alikuwa amekwisha kuhama vita.

Bwana mkubwa wa Goma, 2006–2012

Alirudi Masisi. Laurent Nkunda, jenerali mwasi aliyependa kutembea na fimbo yenye kichwa cha fedha na kuhubiri mbele ya waandishi wa habari, alikuwa ameanzisha CNDP kwa kudai kuwalinda Watutsi wa Kivu, naye akamfanya Bosco mkuu wa majeshi yake. Mwishoni mwa Oktoba 2008 CNDP iliyavunja majeshi ya serikali ikafika kando ya Goma. Na siku chache baadaye, tarehe 4 na 5 Novemba, askari wake waliingia Kiwanja wakapita nyumba kwa nyumba wakiwaua wanaume na vijana, watu wapatao 150, ilhali kambi ya Umoja wa Mataifa iko karibu na pale.

Ushindi huo ukawatia mashakani wote wawili, aliyeshinda na aliyeshindwa. Kinshasa haikuwa na jeshi la kumzuia Nkunda. Kigali, kwa upande wake, ilisomewa mwezi Desemba ripoti ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa iliyoonyesha msaada wake kwa waasi, na Uholanzi na Uswidi zikazuia misaada yao. Nkunda, ambaye kiburi chake kilikuwa kimepita kipimo, akawa mzigo kwa wote. Ndipo wakamkumbuka mtu asiyependa hotuba, mwenye hati ya kukamatwa iliyomning'inia shingoni, ambaye kwa sababu hiyo hangeweza kudai mengi. Mnamo Januari 2009 Bosco alitangaza kwamba Nkunda ameondolewa. Tarehe 16 mwezi huo, mjini Goma, mbele ya waziri wa mambo ya ndani wa Kongo na Jenerali James Kabarebe, mkuu wa majeshi ya Rwanda, akatangaza vita vimekwisha. Na tarehe 22 Nkunda akakamatwa upande wa Rwanda. Majeshi ya Rwanda na Kongo, yaliyokuwa yakipigana kwa mikono ya wengine kwa miaka kumi, yakaingia msituni pamoja katika operesheni iliyoitwa Umoja Wetu. Tarehe 23 Machi mkataba ukatiwa saini, na CNDP ikamezwa na jeshi la taifa, au labda ni sawa zaidi kusema kwamba katika Kivu ya Kaskazini CNDP ililimeza jeshi la taifa.

Hivyo mtu aliyetakiwa Hague na aliyeandikwa New York akawa jenerali halali wa nchi yake, akakaa Goma, mji wenye makao makubwa ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa, akila katika mikahawa ya kando ya ziwa na kucheza tenisi hotelini, na magari meupe yenye herufi UN yakipita njiani. Wakubwa wa Kinshasa walipoulizwa walijibu kwamba haki ni kitu chema, lakini amani itangulie. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ambao kwa azimio 1906 la Desemba 2009 haukuruhusiwa kusaidia operesheni zinazoongozwa na wavunjaji wa haki, uliambiwa kuwa Bosco hana kazi yoyote katika operesheni Kimia II wala Amani Leo, na hali nyaraka za jeshi lenyewe zilizovuja zilimtaja kuwa naibu wa mwenye kuziongoza. Je, kulikuwa na mtu mjini Goma asiyejua? Wauza makaa walijua.

Mali nayo ikaongezeka. Rais Joseph Kabila, mwana wa Laurent-Désiré, alipofunga machimbo ya wachimbaji wadogo mashariki ya nchi, kuanzia Septemba 2010 mpaka Machi 2011, biashara ya madini haikukoma, ilihamia usiku tu. Na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza katika ripoti yao ya 2011 jinsi mizigo ilivyopita katika kiwanja alichokimiliki Bosco katika eneo lisilo la upande wowote, baina ya kituo cha Goma na kile cha Gisenyi, lango la mbele likiwa Kongo na la nyuma likiwa Rwanda. Februari 2011 ndege ya kukodi kutoka Marekani ilizuiliwa katika uwanja wa Goma ikiwa na mamilioni ya dola za kununulia mamia ya kilo za dhahabu, na wachunguzi haohao walimtaja Bosco kuwa nyuma ya biashara ile. Fedha za orodha ya New York zilikuwa zikitafutwa benki, na huku zikihesabiwa mezani Goma.

Maasi ya mwisho, 2012–2013

Lililobadilisha mambo lilikuwa hukumu ya mtu mwingine. Tarehe 14 Machi 2012 mahakama ya Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha askari watoto, na ndani ya hukumu hiyo jina la Ntaganda lilitajwa kuwa mwenziwe katika mpango uleule. Kabila, aliyetoka katika uchaguzi wa Novemba 2011 uliolaumiwa sana, alihitaji kuwapoza wahisani wake. Na tena alikuwa akitaka kwa muda mrefu kuyatawanya mabaki ya CNDP katika mikoa mingine. Alikuja Goma mwenyewe mwezi Aprili, akasema hadharani kwamba Bosco atakamatwa, lakini kwa kuhukumiwa Kongo.

Bosco hakungoja. Maofisa waliomfuata wakaasi, wakapigana Masisi, wakashindwa. Katika shamba lake la ng'ombe jeshi likachimbua tani zipatazo 25 za silaha, akiba ambayo aliyejiunga na jeshi la taifa kwa moyo mweupe hangekuwa na haja nayo. Akakimbilia vilima vya Runyoni, upande wa Rutshuru, na huko mwezi Mei 2012 Kanali Sultani Makenga akatangaza M23, jina lililochukuliwa katika mkataba wa 23 Machi. Wasemaji wa M23 waliapa kwamba Bosco si mtu wao, kwa kuwa walijua jina lake ni sumu. Tarehe 20 Novemba 2012 waliitwaa Goma, mbele ya macho ya askari wa kimataifa, wakaishika kwa siku kumi na moja, kisha wakatoka kwa shinikizo la viongozi wa jirani waliokutana Kampala.

Kutoka huko ndiko kulikowavunja. Mwisho wa Februari 2013, siku zilezile nchi kumi na moja zilipotia saini Addis Ababa mkataba wa amani ya eneo lote, Makenga alimfukuza kiongozi wa siasa wa chama, Jean-Marie Runiga, kwa kumshtaki kwamba amemwegemea Bosco, na wenza wa jana wakapigana Kibumba. Bosco akashindwa. Katikati ya Machi Runiga na wapiganaji wapatao 700 walivuka kuingia Rwanda na kunyang'anywa silaha. Safari hii hapakuwa na mwenye dola aliyemhitaji: Kinshasa ilitaka kumfunga, Makenga alitaka kumwua, na Kigali, iliyozuiliwa tena misaada mwaka uliotangulia, haikuwa na faida ya kumficha mtu ajuaye siri nyingi kiasi kile.

Tarehe 18 Machi, siku ya Jumatatu, aliingia katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali akaomba apelekwe Hague. Marekani si mwanachama wa mahakama ile, wala Rwanda si mwanachama, na kabla ya hapo hapakupata kutokea mtu mwenye hati ya kukamatwa aliyekwenda mwenyewe kujitia mikononi mwa mahakama. Tarehe 22 akapandishwa ndege, yeye aliyekatazwa kusafiri tangu 2005. Siku sita baadaye Baraza la Usalama likapitisha azimio 2098 la kuunda brigedi ya kushambulia, ya askari wa Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, nayo pamoja na jeshi la Kongo ikayamaliza maasi ya M23 mwezi Novemba; ikamaliza ya wakati ule, maana Makenga alianza vita upya mwaka 2021, na Januari 2025 watu wake waliingia Goma kwa mara ya pili.

The Hague, 2013–2023

Aliposimamishwa mara ya kwanza, tarehe 26 Machi 2013, mbele ya Hakimu Ekaterina Trendafilova, Bosco aliulizwa kazi yake, akasema alikuwa mwanajeshi. Alionekana mtu mrefu, mwenye masharubu membamba, na katika suti na tai wale waliozoea kumwona na kofia ya kijeshi walihitaji kumtazama mara mbili. Kesi yenyewe ilifunguliwa Septemba 2015. Mwaka 2017 alipanda mwenyewe kizimbani kutoa ushahidi kwa majuma mengi, akijieleza kuwa askari wa nidhamu aliyewaadhibu waliokosa na mwanamapinduzi asiyestahili jina la mhalifu. Na yaonekana aliamini maneno yake, jambo ambalo kwangu lanitia hofu kuliko uongo.

Baada ya vikao 248, tarehe 8 Julai 2019, Hakimu Robert Fremr alisoma hukumu: Bosco alipatikana na hatia katika mashtaka yote 18, matano ya jinai dhidi ya ubinadamu na 13 ya jinai za kivita, yakiwamo mauaji, ubakaji, uporaji, kuwahamisha watu kwa nguvu, kuwaandikisha watoto chini ya miaka 15, na kuwatia wasichana katika utumwa wa kingono, hata wasichana waliokuwa askari wa jeshi lake mwenyewe. Tarehe 7 Novemba alihukumiwa miaka 30. Rufani yake ilikataliwa Machi 2021, na mwezi Desemba 2022 alihamishiwa Ubelgiji, katika jela ya Leuze-en-Hainaut, akatumikie kifungo chake.

Ikabaki hesabu ya fidia. Mahakama ilipanga mwaka 2021 dola milioni 30 kwa walioathirika, kiasi ambacho baada ya rufani kilitazamwa upya na mwaka 2023 kikawa dola milioni 31.3, kwa ajili ya waliokuwa askari watoto, wa wanawake waliobakwa na watoto waliozaliwa kwa ubakaji huo, na wa watu wa vijiji vilivyoteketezwa. Na kituo cha afya cha Sayo kikawekwa katika mambo ya kutengenezwa. Anayedaiwa ni Bosco Ntaganda. Lakini mahakimu walipotafuta mali yake, miaka kumi na mitano na zaidi baada ya kamati ya New York kuamuru izuiliwe duniani kote, hawakupata kitu cha kushika: ng'ombe wa Masisi, dhahabu ya Goma, ushuru wa kiwanja cha mpakani, hakuna hata kimoja kilichokuwa na hati yenye jina lake. Wakamtangaza kuwa fukara, na deni likaachiwa Mfuko wa Wahanga wa mahakama, ambao hauna fedha za kutosha na huzitafuta kwa kuwaomba wahisani, mwaka kwa mwaka, huku wenye kulidai wakizidi kuzeeka.